Wito kwa watu wa Songea: Pwani yetu iko Nyasa

Ndugu zangu wa Mfaranyaki, na ninyi majirani wa Lizaboni, Bombambili, Majengo, Msamala na Songea yote.

Msimu wa harusi ukifika kamati zinakaa, kadi za michango zinatembea, na baada ya ukumbi, chakula, mapambo na MC kupata mafungu yao, linakuja suala la fungate. Jibu limezoeleka: maharusi wapelekwe Zanzibar. Mfuko ukiwa mwepesi, basi Dar es Salaam, wakaogelee Kigamboni. Wastaafu nao wanaota hivyo hivyo siku kiinua mgongo kinapoingia. Watumishi wanaopanga likizo wanaota hivyo, na vijana wanaotunza picha za hoteli za ufukweni kwenye simu zao wanasema ipo siku. Ndoto hiyo ni halali kabisa. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima anastahili mahali patulivu penye maji mbele yake, mtu wa kumpikia, na usiku usio na honi za bodaboda.

Ombi langu ni kwamba ndoto hiyo tuielekeze magharibi kabla ya kuielekeza mashariki. Mkoa wa Ruvuma una pwani yake. Iko wilayani Nyasa, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa unaopita Lituhi, Lundo, Liuli na Kihagara, ukafika Mbamba Bay na kuendelea hadi Chiwanda kuelekea mpaka wa Msumbiji. Ina mchanga, ina miamba, ina visiwa, na sehemu kubwa yake bado ni kimya. Nawaomba twende tukalale huko, tulipe, tule, tuwaonyeshe watoto. Na nawaomba pia, kwa uzito uleule, tusimame pamoja na wenyeji wa mwambao huo ili siku hoteli kubwa za kifahari zitakapofika, njia ya kwenda majini ibaki wazi kwa kila mtu.

Kutoka hapa mjini hadi Mbamba Bay ni kiasi cha kilomita 170, na zote ni lami. Unapita Likuyufusi, unapita Kigonsera, unafika Mbinga, halafu zinabaki kilomita zipatazo 66 za kushuka. Wazee wetu wanaikumbuka njia hiyo kabla ya lami, masika magari yakilala kwenye tope na abiria wakishuka kusukuma. Leo mtu anaondoka Songea asubuhi na chakula cha mchana anakula akiangalia ziwa. Njiani anapita milima ya Wamatengo, yenye mibuni kwenye miteremko na mashamba ya ngoro, vile vishimo vilivyopangwa kwa ufundi unaozuia mvua isichukue udongo. Kisha barabara inaanza kuinama, hewa inakuwa nzito na ya joto, na mtu aliyetoka Mfaranyaki na sweta la Julai analivua. Ziwa liko chini, kwenye kimo cha takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, wakati Songea iko juu ya mita 1,000. Kwa mwendo wa saa chache tu umebadilisha hali ya hewa.

Na ziwa lenyewe si dogo la kulitazama mara moja ukaondoka. Ni la tatu kwa ukubwa Afrika, lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina kinachofika takriban mita 700. Maji yake hutoka kwa mlango mmoja tu, mto Shire, yakaingia Zambezi na hatimaye Bahari ya Hindi. Hakuna ziwa lingine duniani linalojulikana kuwa na aina nyingi za samaki kuliko hili. Ni mamia kwa mamia, na wengi wao hawapatikani popote pengine. Wale wadogo wa rangi za buluu na njano wanaoishi kwenye miamba, mbuna, wanafugwa kwenye matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani na watu wanaolipa fedha nzuri kuwatazama wakizunguka sebuleni. Sisi tunaweza kuwaona kwenye maji yao wenyewe, karibu na ukingo, bila tiketi ya ndege. Mtoto wa darasa la tano wa Mfaranyaki akipelekwa pale akavalishwa miwani ya kuogelea, atajifunza sayansi ambayo ubao hauwezi kumpa.

Chakula nacho. Mbasa aliyebanikwa, vituwi, usipa waliokaushwa vizuri wakaungwa kwa nyanya na kitunguu, ugali wa muhogo, na msimu wake ukifika, maembe ya Mbamba Bay. Usipa tunawanunua sokoni hapa Songea kwa mafungu, wengi wetu bila kujua wanavyovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa alfajiri. Nitaurudia huo uanikaji, kwa kuwa ndani yake ndimo lilimo jambo lenyewe.

Historia pia haikosekani. Pale Liuli, Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya umbo la mwamba uliopo. Mwezi Agosti 1914, meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliingia kwenye ghuba hiyo na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa rafiki wa Rhoades na alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza Ulaya. Mapigano ya kwanza ya Vita Kuu ya Kwanza katika ziwa hili yalitokea hapo, mkoani kwetu, na kuna vijana wa Songea waliomaliza kidato cha sita bila kusimuliwa. Kila Februari tunakumbuka mashujaa wa Majimaji, waliouawa mwaka 1906 pamoja na Nduna Songea Mbano ambaye mji wetu unabeba jina lake. Wageni wanaokuja kwa kumbukumbu hiyo na kutembelea makumbusho tuwaongezee siku mbili za ziwani. Mganda na kioda wachezewe pale pale ngoma hizo zinapochezwa na wenyewe.

Sasa nije kwenye hoteli za kifahari, maana nimesema zitafika, na nina sababu.

Mwaka 2022 filamu ya Royal Tour, ya kutangaza utalii wa nchi yetu, ilizunguka dunia. Mwaka 2024 nchi ilipokea watalii wa kigeni zaidi ya milioni 2. Idadi kama hiyo ikiendelea kujaza Serengeti, Ngorongoro na Unguja, wenye mitaji wanaanza kutafuta mahali ambapo hapajajaa. Kwetu, uwanja wa ndege wa Songea umeboreshwa, lami imefika majini, meli ya abiria MV Mbeya II inaunganisha Kyela na mwambao wetu, na kazi ya bandari mpya Mbamba Bay imekuwa ikiendelea. Mwenye hesabu zake akiweka mambo hayo juu ya ramani moja, anaona ufukwe mtupu ulio karibu na barabara mpya. Atakuja na gari la vioo vyeusi, atauliza mwenye eneo ni nani, na atakuwa na haraka.

Tuelewe anachokuja kuuza. Chukueni kisiwa cha Mnemba, kaskazini-mashariki ya Unguja, mkabala na Matemwe. Ni kisiwa kidogo ambacho mtu anakizunguka kwa miguu kwa muda mfupi, kina vibanda visivyozidi kumi na mbili, na mgeni hulipa zaidi ya dola 1,000 kwa usiku mmoja, yaani zaidi ya shilingi milioni 2. Kitanda kizuri anacho kwao, na chakula kizuri anacho pia. Fedha zile zinalipia kutoonana na watu: ufukwe ambao nyayo zilizopo ni zake na za mwenziwe. Hata kwenye ziwa letu biashara hiyo ipo tayari, ila iko upande wa pili. Kwenye kisiwa cha Likoma cha Malawi kuna Kaya Mawa, nyumba za kifahari zilizojengwa kati ya miamba na maji, ambazo zimepamba majarida ya utalii ya Ulaya. Karibu na hapo, upande wa Msumbiji, ilijengwa Nkwichi, hoteli ndogo iliyofichwa msituni kwenye ukingo wa ziwa, pamoja na mradi wa Manda Wilderness ambapo vijiji vya Wanyanja vilikubaliana kutenga hifadhi ya jamii. Maji ni yale yale yanayopiga Chiwanda, na mchanga ni ule ule.

Kwa hiyo upweke wa mwambao wetu una bei, na bei yenyewe ni kubwa. Swali ni nani anaipanga bei hiyo, na nani anakaa mezani inapopangwa.

Hapo ndipo narudi kwa usipa. Mvuvi wa Liuli au Kihagara anarudi alfajiri, mtumbwi unavutwa mchangani, na usipa wanaanikwa, juu ya vichanja au kwenye mchanga wenyewe. Mama anakaa hapo kutwa nzima akigeuza na kufukuza ndege. Watoto wanaoga pembeni. Wengine wanachota maji, wengine wanafua. Mchana mtu anatengeneza nyavu chini ya mwembe. Mchanga ule ni kiwanda, ni barabara, ni bomba la maji na ni baraza la kijiji. Mwekezaji anapousifu kuwa mtupu, amefika saa ambayo watu wako kivulini. Na mgeni anayelipa milioni 2 kwa usiku ili asione mtu, hatafurahia harufu ya usipa chini ya dirisha lake. Mambo haya mawili yanakutana kwenye ukanda mwembamba mno wa ardhi, na yasipopangwa mapema kwa maandishi, ni rahisi kutabiri nani ataambiwa azunguke.

Sisemi hoteli zisije. Nasema kwa moyo wote: zije. Vijana wa Nyasa wanahitaji kazi za upishi, uongozaji wageni, unahodha, ufundi umeme na uhasibu, na wakulima wetu wa Songea na Mbinga wanahitaji mnunuzi wa mboga, mayai na kahawa ambaye yuko karibu. Lakini zije kwa masharti ambayo sheria ya nchi hii tayari inayaruhusu, na mengine inayaamuru.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliupa mkutano mkuu wa kijiji nguvu ambayo wengi wetu hatuitumii. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa ajili ya uwekezaji na eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri wa Ardhi, naye hutanguliza kuyapitia mapendekezo ya mkutano huo. Ardhi haihamishwi mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kuilipa na wakati wa kuilipa viwe vimekubaliwa. Kisha kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 57 kinazuia shughuli za kudumu, na nyingine zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa la asili au mto. Mita 60 ni pana. Ukizipima kwa hatua kutoka majini pale Mbamba Bay, utaona ni nafasi inayotosha mitumbwi, vichanja vya usipa, kivuli cha miembe, na wageni wa hoteli pia.

Wenye asili ya Nyasa mko wengi hapa Mfaranyaki. Mmejenga hapa, mnafanya kazi hapa, lakini mashamba ya baba na babu yako kule mwambaoni, na ndugu zenu ndio wanaoinua mkono kwenye mkutano wa kijiji. Mkutano huo unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Pigeni simu muulize ajenda. Nendeni. Mzee anayeombwa kutia saini au dole gumba anahitaji mwanawe aliyesoma akae kando yake asome karatasi yote kwa sauti, pamoja na sehemu zilizoandikwa kwa herufi ndogo. Mtoto wa mwambao aliyesoma ana deni hili kwa kijiji chake, na ni dogo kulinganisha na alichopewa.

Anayedhani masharti hufukuza wawekezaji aangalie Chumbe. Ni kisiwa kidogo kusini-magharibi ya mji wa Zanzibar, kilomita chache tu kwa boti. Matumbawe yake yalitangazwa hifadhi mwaka 1994 na kusimamiwa na kampuni binafsi, jambo ambalo wakati huo halikuwa la kawaida popote duniani. Wageni wanalala kwenye nyumba saba tu. Mapaa yake mapana yamejengwa ili kukinga maji ya mvua, kwa kuwa kisiwa hakina chemchemi. Maji hayo yanachujwa, yanahifadhiwa chini ya sakafu na ndiyo ya kuogea. Umeme ni wa jua. Vyoo havitumii maji, kinyesi hugeuka mboji, kwa hiyo hakuna maji machafu yanayoingia baharini. Hakuna kiyoyozi wala bwawa la kuogelea. Na watu wanavuka bahari kulipa fedha nyingi ili walale pale.

Jambo la Chumbe linalonigusa kuliko yote ni watu wake. Walinzi wa kwanza wa matumbawe yale walitoka kwa wavuvi wa vijiji jirani. Wakaelekezwa kazi mpya, wakajifunza majina ya samaki na namna ya kuongea na wageni, na kazi yao ya kila siku ikawa kuwaeleza wavuvi wenzao kwa nini eneo lile liachwe samaki wazaliane. Hawakuwa na bunduki. Fedha za wageni zinagharimia pia safari za wanafunzi wa Zanzibar, ambao wanaletwa bure kuona matumbawe, msitu, kaa wa nazi wanaopanda miti, na paa nunga, mnyama aliye adimu mno duniani. Hata mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna mtu aliyewahi kulala hotelini, ameingia kwenye hoteli ya kifahari kama mwanafunzi, akakaribishwa. Nataka hilo kwa mtoto wa Liuli. Nataka liandikwe kwenye mkataba wa kwanza kabisa utakaosainiwa Nyasa.

Kule Mafia, kwenye kisiwa kidogo cha Chole, kuna nyumba za wageni zilizojengwa juu ya miti, nazo zilianza kwa makubaliano kwamba sehemu ya malipo ya kila usiku wa mgeni iende kwenye maendeleo ya kijiji. Kijiji kinajua idadi ya wageni, kwa hiyo kinajua kinachostahili. Utaratibu rahisi kama huo unaweza kusimamiwa na halmashauri yoyote ya kijiji yenye daftari na mwenyekiti mwaminifu.

Lakini tusingoje tajiri kutoka mbali ndipo tuanze. Nyumba za wageni za kawaida zipo Mbamba Bay leo, zimejengwa na watu wetu, na zinahitaji wateja wetu. Nawageukia wenye nazo kwa heshima. Mgeni akilala kwenu anataka shuka safi, neti isiyo na tundu, choo chenye maji saa zote, na bei inayofanana na aliyoambiwa kwenye simu. Anataka ajue saa ya chakula, na akiagiza samaki saa sita asiletewe saa kumi. Mkiwapeleka watu ziwani kwa boti, kila mmoja avae boya, hata kama safari ni fupi na anayeendesha ni fundi. Ziwa Nyasa lina mawimbi makali, hasa kati ya Mei na Agosti upepo wa mwera unapovuma kutoka kusini-mashariki, na hakuna uzoefu unaolizidi boya. Taka zenu zisiishie majini. Muziki nao upunguzwe. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu mtu anayekimbia kelele za mjini hapaswi kuzikuta zimemtangulia ufukweni, na ukimya ndiyo mali yenu ya kwanza.

Nasi wateja tujue mambo machache. Kichocho kipo katika ziwa hili kama katika maziwa mengi ya Afrika. Konokono wengi wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo tuoge penye mchanga safi na mawimbi, na tukirudi nyumbani twende kituo cha afya kupima. Dawa ipo na inatibu. Waulizeni wenyeji wapi pana mamba, hasa karibu na midomo ya mito, na mkijibiwa msibishane nao. Msimu fulani mtaona juu ya ziwa kitu kama moshi mweusi unaopanda mpaka mawinguni. Ni visubi, mabilioni yao, wametoka majini kwa pamoja. Hawaumi. Kaeni mtazame, ni ajabu ambayo watalii wanasafiri nusu ya dunia kuiona.

Nazitaja kamati za harusi kwa sababu ndizo zenye fedha taslimu kuliko chombo chochote mtaani. Fedha ya kuwapeleka maharusi Unguja kwa siku tatu, ukijumlisha nauli za ndege au mabasi na meli, inaweza kuwapa wiki nzima Nyasa na ikabaki chenji ya kuanzia maisha. Harusi chache tu za Mfaranyaki kwa mwaka zikifanya hivyo, mwenye nyumba ya wageni kule atapata nguvu ya kuongeza chumba, na mama anayempikia atajua kwamba wiki ijayo kuna kazi. Vikundi vya VICOBA vinavyofunga mwaka kwa kugawana, mwaka huu mgawane mkiwa ufukweni. Walimu wa Songea, ziara ya shule si lazima iwe Dodoma. Wazee wa kanisa na msikiti mnaoandaa semina za vijana, mahali patulivu pa kukaa siku tatu mkatafakari pako saa chache tu kutoka hapa. Na ninyi mnaofikiria kuwekeza, msidhani hoteli ya ufukweni ni kazi ya wageni peke yao. Ushirika wa watu ishirini wa hapa mtaani, wenye akiba na subira, unaweza kujenga vyumba sita vya matofali na nyasi vilivyo safi kuliko hoteli nyingi za ghorofa, ukaajiri vijana wa kijiji, na ukalipa ushuru wake Mbamba Bay.

Mkifika, lipieni huduma kwa haki. Ombeni risiti. Nunueni usipa kwa mama aliyewaanika, msimpunje. Msimpige mtu picha akiwa anaoga au anafua. Pale ni nyumbani kwake. Mkirudi, wasimulieni wengine kwa ukweli, mazuri na mapungufu, maana mapungufu yasiyosemwa hayarekebishwi.

Na kwa kila mwenye shamba, kiwanja au sauti kwenye mwambao ule, kuanzia Lituhi hadi Chiwanda: kabla hujaweka saini kwenye karatasi ya mwekezaji yeyote, awe Mzungu, Mwarabu, mtu wa Dar es Salaam au jirani yako wa Mfaranyaki, dai mambo haya yaandikwe humo kwa Kiswahili unachokisoma mwenyewe. Njia ya umma ya kwenda majini, upana wake na mahali inapopita. Mita 60 za ukingo zisizojengwa. Mahali pa mitumbwi na pa kuanikia usipa. Idadi ya ajira za wanakijiji na mafunzo yao. Sehemu ya kijiji katika malipo ya kila usiku wa mgeni. Siku za watoto wa shule kuingia bure. Yasipoandikwa, usisaini; rudisha karatasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na utuite sisi wa Songea tuje tukae nanyi.